Wyoming Aliyoijua Mama

Ndugu yangu Suleiman,

Salamu sikuletei. Zile za "sisi wazima, hofu ni kwenu" ziliisha siku mama alipotolewa hapa sebuleni amefunikwa. Naandika hadharani kwa kuwa anwani ya unakokaa siijui, na mambo haya si ya baruapepe, na kwa kuwa watu wetu wengi, wa hapa Dubai na wa Unguja, mpaka leo wanahadithiana jinsi ulivyotoka Amerika ukawahi maziko ya mama yako. Wanaisimulia kama karama. Nami nimechoka kuitikia "Mashallah."

Kuna na jambo la pili. Uliniuliza swali jikoni siku ya hitma, nami sikukujibu. Nitakujibu humu, lakini nitaanzia ninapotaka mimi.

Uliondoka mwaka ule mnara mrefu ulipofunguliwa, mji mzima ukitazama juu. Wakati huo baba alikuwa keshafariki, tumebaki watatu katika nyumba hii ya Rashidiya, ndege zikipita juu ya mapaa yetu mchana kutwa. Mama alikuwa akikukunjia nguo huku akikuuliza unakokwenda hasa, maana "Amerika" kwake halikuwa jibu. Ukamwambia ni magharibi, jimbo linaitwa Wyoming, chuo kiko mji wa Laramie.

"Wayomi," akasema mama. "Kuna nani huko?"

"Hakuna mtu, mama. Ndiyo maana wanatupa nafasi."

Tulicheka sote. Mama alicheka zaidi, halafu akaingia chumbani akakaa huko mpaka macho yalipokauka.

Ulirudi mara moja tu, likizo ya mwaka wa pili, ukiwa umenenepa mashavu na umebeba ramani kubwa ya jimbo imeviringishwa ndani ya bomba la karatasi. Ukaipigilia misumari kwenye ukuta wa sebule, juu ya kochi la mama, ukashika mpini wa ufagio ukaanza kutufundisha. Jioni ile nimeigeuza sana kichwani tangu uondoke, nikitafuta ni wapi ulikuwa umekwisha kuanza kutuacha. Sikuoni ukituacha. Nakuona una furaha.

Ulituonyesha jimbo lenye pembe nne, limenyooka kila upande kama mkeka uliotandikwa. Mama akataka kujua ni nani aliyelikata vile, ukamwambia ni watu waliokaa mezani, mbali, wakapiga mistari kwa rula bila kuuliza mlima uko wapi wala mto unapita wapi. Mashariki nyanda za majani. Magharibi milima ambayo theluji haitoki vileleni. Kona ya juu kushoto ardhi inachemka, maji ya moto yanaruka angani yenyewe, na watu wanatoka dunia nzima kwenda kuyatazama. Na kila mahali upepo, upepo wa kupindua malori ya mizigo barabarani.

Ulimweleza na habari za wenyewe wa asili. Washoshoni, Waarapaho, Wacheyenne, Walakota. Jinsi serikali ilivyotia nao saini mikataba kisha ikaivunja, mpaka Washoshoni na Waarapaho wakabakiwa na kipande chini ya milima ya Wind River, watu waliokuwa maadui wakawekwa pamoja. Halafu wazungu wakapita kwa maelfu na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakienda Oregon na California. Hawakutaka kukaa pale, walitaka kuvuka tu. Magurudumu yao yalichimba mifereji kwenye mawe na ungali unaweza kusimama ndani yake. Ulisema ulisimama, ikakufika magotini.

"Nchi ya kupita," mama alisema.

Kisha ikaja reli, na reli ikazaa miji, Cheyenne, Laramie na mingine, na makaa yakachimbwa ya kulisha treni. Ukafika kwenye jambo ulilolipenda, kwamba kabla nchi ile haijawa jimbo kamili, wanawake wake walipewa haki ya kupiga kura, wa kwanza Amerika nzima. Mama akakuuliza sababu. Ukasema wengine wanasema ni haki, wengine wanasema wanaume walikuwa wengi mno na wanawake wachache, wakatafuta njia ya kuwavuta waje.

"Basi hiyo si haki," akasema mama. "Hiyo ni posa."

Ulicheka mpaka ukauweka ufagio chini. Namkumbuka mama alivyojiona, kamchekesha mwanawe msomi.

Mwisho ulitueleza wanakopata riziki. Ng'ombe, wengi kuliko watu. Mafuta, gesi, na makaa ya mawe yaliyo karibu na uso wa ardhi kiasi kwamba huchimbi shimo la kuingia, unafunua ardhi tu kama unafunua sufuria. Kusini magharibi, chini kabisa ya ardhi, kuna chumvi ya magadi inayotolewa na kusagwa, inakwenda duniani kote kutengenezea vioo. Mama akageuka kutazama dirishani, kulikoonekana mwanga wa majumba ya mbali, akauliza kama vioo vya minara yetu vilitoka kwako. Ukasema huenda. Na kodi ya mshahara hakuna, ukasema, ardhi ndiyo inayolipa.

"Kama hapa," nikasema mimi.

"Kama hapa hasa, da Zuwena. Jangwa na mafuta. Ni baridi tu iliyozidi."

Ukaondoka. Mama akabaki na ramani. Kwa vile hakujua herufi za Kizungu, alinipa kalamu nimwandikie juu yake kwa herufi za Kiarabu, Laramie, Kasper, Shayen, na baadaye Jileti, mji wa makaa ulikopata kazi baada ya kuhitimu. Kila ulipopiga simu alitaka kujua umefika wapi, na simu ikiisha ananiita nimwonyeshe. Akaanza kuwafundisha wageni. Bi Salma, jirani yetu, alikuwa akija kunywa kahawa anapewa na somo la magadi na vioo. Bi Salma alinong'ona siku moja kwamba mama yetu anaijua Wayomi kuliko anavyoijua Bur Dubai, na alisema kweli. Mama alikuwa hajapanda hata metro, na kituo cha mwisho kiko hapa hapa kwetu.

Lakini hukuja tena. Mwaka wa kwanza wa kazi ulikuwa bado mgeni kazini. Uliofuata kulikuwa na mwenzako aliyeumia, zamu zako zikaongezwa. Uliofuata ulisema viza yako inabadilishwa, ukitoka hutaweza kurudi. Mama alisema inshallah kila mara, na kila mara nilikuwa mimi ninayetoa mashuka ya kitanda chako na kuyarudisha kabatini.

Nami nilikuwa na maisha, Suleiman, ijapokuwa hukupata kuniuliza. Nilikuwa nikiandikisha wagonjwa kwenye zahanati moja Oud Metha, kazi niliyoipenda. Alikuja mtu wa Maskati kuniposa, mtu mzima wa akili zake, mama akampenda. Alitaka tukaishi kwao. Wakati huo mama alikuwa keshaanza kuvimba miguu, moyo na figo vinapokezana kumsumbua, na nani angempeleka hospitali? Nilikueleza kwenye simu. Ukaniambia nifanye ninavyoona sawa. Nikamjibu yule bwana kwa heshima, khalas, yakaisha. Sikulaumu kwa hilo. Nakwambia ili ulijue tu, maana hulijui.

Halafu makaa yakaporomoka. Nilisoma kwenye simu yangu, ndani ya basi la kwenda kazini, kwamba gesi imekuwa rahisi, mitambo ya umeme inaacha makaa, na migodi ya upande wako imewaachisha watu wengi kwa siku moja. Nilikuuliza. Ukasema mgodi wenu haukuguswa. Nikamwambia mama Alhamdulillahi.

Katika miezi iliyofuata simu zako zilibadilika. Zamani ulikuwa ukisema neno, tunangoja, ndipo linafika, na mama alizoea kukatisha sentensi zako. Sasa sauti yako ilikuwa inafika papo hapo, karibu, kama mtu aliyeko chumba cha pili. Niliona ni mitambo imeboreshwa. Simu ya mama ilikuwa ile ya mezani ya tangu zamani za baba, haina kioo cha kuonyesha nambari. Hatukuwa na la kutazama.

Siku ninayotaka kukwambia ilikuwa ya msimu wa baridi, jua limeshazama. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha kuadhiniwa msikitini kwetu. Mama alikuwa keshaswali kwenye kiti, miguu haikumruhusu tena kusujudu, na simu ikalia. Ni wewe. Akafurahi, akaniashiria niweke sauti kubwa ili nami nisikie.

Alikuuliza kama umeamka. Kwenu, kwa hesabu tulizozizoea, ilikuwa asubuhi.

"Ndiyo mama," ukasema. "Jua ndiyo kwanza linachomoza. Kuna theluji mpaka mlangoni."

Nyuma yako, wazi kabisa, muadhini akaanza. Allahu Akbar, Allahu Akbar. Nilisikia mlango ukifungwa, sauti ikafifia lakini haikukatika, ukaanza kusema haraka haraka habari za gari lako kutowaka kwa baridi. Mama hakukukatiza. Alikusikiliza mpaka mwisho, akakuombea dua, akakwambia uvae soksi nzito. Akaweka simu chini taratibu.

Mimi nilikuwa nimesimama. Nikasema, "Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

"Labda ni redio. Labda kuna msikiti siku hizi."

Mama akaitazama ramani, kisha dirisha. "Magharibi yao imeingia baada ya yetu," akasema. "Si baada sana. Yuko upande wa Abudhabi kule, kwenye mafuta. Hayuko mbali."

Unamjua mama. Mwanamke ambaye hakusoma shule alikaa kwenye kochi akakutafuta kwa jua, akakupata. Baada ya kufa kwake ndipo nilipojua kutoka mdomoni mwako kwamba ni kweli, ulikuwa Ruwais, magharibi kabisa ya Abudhabi, njia ya kwenda mpaka wa Saudia. Ulitoka jimbo moja la magharibi lisilo na watu, lenye visima na upepo, ukaingia jingine. Na hili la pili ni safari ya asubuhi moja kwa gari kutoka mlangoni kwa mama yako.

Nilitaka nikutafute. Nambari yako ya Amerika ilikuwa imekufa. Nikasema nitakuandikia baruapepe usiku uleule, nikutukane. Mama akanishika mkono, kwa nguvu ambazo sikujua anazo bado.

"Mwache. Akija mwenyewe ndiyo kaja."

Wiki iliyofuata ukapiga, na mama akakuuliza kama theluji imeanguka tena. Nilitoka sebuleni. Nikaenda kusimama uani kwenye kamba ya nguo, nikakusikia kwa mbali ukimjibu. Ulimjibu vizuri. Ulimwambia swala wanashuka milimani kutafuta majani. Ulimwambia mto umeganda, watu wanatoboa barafu kuvua samaki. Huku wewe umekaa wapi? Kwenye chumba cha kiyoyozi, na chumvi nyeupe ya jangwa dirishani? Sijui mtu anawezaje. Nimejaribu kukuelewa, siwezi.

Ikawa hivyo mwaka na zaidi. Yeye anauliza, wewe unatunga. Mpaka moyo wake uliposhindwa kweli, akalazwa, na madaktari wakatwambia tumrudishe nyumbani apumzike. Nilielewa maana yake, kazi yangu ilinifundisha lugha yao. Nikamtandikia sebuleni, chini ya ramani yako, maana ndipo alipotaka. Ulipopiga nilichukua simu mimi kwanza. Nilikwambia wazi, utakumbuka. Nilikwambia mama anaondoka, njoo, usingoje. Nilitumia neno njoo, sikusema safiri. Nilidhani utalisikia.

Ukaomba kuzungumza naye. Nikamwekea simu sikioni. Na hapo, Suleiman, ukamwambia mama yako anayekufa kwamba theluji imefunga barabara kuu, kwamba magari yamekwama toka Jileti mpaka Cheyenne, kwamba hata uwanja wa ndege huwezi kufika.

Alikuwa hana pumzi. Maneno yalimtoka moja moja.

"Basi usitoke, mwanangu. Kaa ndani. Ujifunike."

Akanirudishia simu. Wewe ulikuwa unalia, nikakata. Nje jua lilikuwa zuri, Februari ya Dubai, watoto wa Bi Salma wanacheza mpira barabarani. Mama aliniomba nimfungie pazia.

Alifariki asubuhi, siku chache baadaye. Nilikuandikia baruapepe ya maneno mawili, nikaanza kuwapokea watu. Kabla ya alasiri uliingia mlangoni, huna begi, viatu vyako vimejaa vumbi jeupe. Uliwahi kulibeba jeneza. Watu wakakukumbatia wakilia kwa huruma. Binamu yetu wa Al Mankhool, mtu anayejua safari, akakuuliza umefikaje upesi namna ile.

"Nilikuwa tayari njiani," ukamwambia.

Wakasema Subhanallah. Wakasema mapenzi ya mama hayo. Nami nilikuwa upande wa wanawake, naona viatu vyako pale mlangoni, najua ni vumbi la wapi.

Siku ya hitma ulinifuata jikoni, nikiwa napakua wali. Uliniambia ulipoachishwa kazi kule ulizunguka miezi ukitafuta, ukakosa, viza ikaisha. Uliniambia kazi uliyopata Ruwais ni ya kusimamia lango la mitambo, nani kaingia nani katoka. Uliniambia uliona haya. Uliondoka hapa unakwenda kuwa mhandisi, mbele ya mtaa mzima, ungerudi vipi mlinda lango?

"Mama angekuuliza lango?" nikakwambia.

Ukashika ukingo wa meza, ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, mama alijua?"

Wakaingia wanawake kuchukua sahani. Nikawapa sahani. Ukasubiri kidogo, ukatoka, na hatujaonana tena.

Jibu ni hili. Alijua. Alijua tangu ile adhana, na kila hadithi ya theluji uliyompa baada ya hapo aliipokea akijua. Na usijifariji kwamba uzee ulimsahaulisha. Siku ile nilipotoka uani nilirudi nimekasirika, nikamuuliza kwa nini anakupa nafasi ya kumdanganya, kwa nini bado anauliza habari za barafu. Alikuwa akisugua magoti yake kwa mafuta ya habasoda. Akanijibu bila kuinua uso.

"Nikiacha kuuliza, atajua kuwa najua. Akijua, kwa haya alizonazo, hatapiga tena. Mimi nataka sauti yake. Na aseme atakalo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ulifikiri wewe ndiwe uliyekuwa ukimlinda mama na ukweli. Ni yeye aliyekuwa akikulinda, kwa pumzi alizobakiwa nazo, na wewe ukazitumia kumwelezea mto ulioganda.

Watu wananiambia nisamehe, kuona haya ni ugonjwa wa wanaume waliokwenda mbali. Huenda. Mimi pia nilikuwa na haya zangu, nilizimeza nikamwogesha mama. Siku nitakayokusamehe utaijua, sina haja ya kuitangaza. Siyo leo.

Mwezi uliopita nilikwenda makaburini. Mlinzi wa pale ni mzee wa Kipakistani, mpole, huwa ananielekeza kwa Kiarabu chetu cha vipande vipande. Nilikuta kaburi la mama limemwagiwa maji, changarawe zimepangwa vizuri pembeni. Nikamshukuru. Akasema siyo yeye. Akasema kuna bwana anakuja kila Ijumaa, anafika mapema, gari lake limejaa vumbi la safari, anakaa chini pale na kuzungumza peke yake muda mrefu. Hakosi, akasema. Hata siku ile ya ukungu mkubwa, barabara ya Abudhabi ilipojaa ajali, alifika.

Kwa hiyo njia unaijua.

Basi Ijumaa nimekuachia. Mimi nakwenda Jumatatu, nikitoka kazini. Ukinikuta siku nyingine kwa bahati mbaya, usinisalimie mbele yake. Mwambie yeye kwanza ulikuwa wapi.

Dada yako,
mtoto wa mama aliyebaki.